Paka Mweupe Juu ya Karatasi Nyeupe

Hoja iliyo mezani ni nyepesi kuisema na ngumu kuimaliza: mbwa au paka wa nyumbani apigwe picha kwenye weupe mtupu, au aachwe palepale anapoishi? Mtindo wenyewe mnaujua hata kama hamjui jina lake. Ni ile picha ya kwenye kalenda na mifuko ya chakula cha mbwa: nyuma peupe, chini peupe, vivuli vimelainishwa hadi karibu vitoweke, na katikati mnyama mmoja anayekutazama. Wenye studio wanauita hai-kii.

Nimeupa mjadala huu sauti tatu. Wasemaji si watu ninaoweza kuwaonyesha kwa kidole. Ni hoja nilizozisikia zikigongana kwa miaka, nikazivalisha kanzu, buibui na koti la daktari ili tuzitambue. Wa kwanza ni Mzee wa Studio, mtu wa Mombasa aliyeanzia kwenye filamu na chumba cha giza. Wa pili ni Binti wa Lamu, mpiga picha wa vichochoroni asiyemiliki hata flashi moja. Wa tatu ni Daktari wa Mifugo kutoka Nairobi. Huyu hakualikwa kuzungumzia urembo, na labda ndiyo sababu maneno yake yalikuwa na uzito. Mimi nitakaa kando, ingawa siahidi kunyamaza.

BINTI: Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Kaa. Najua umekuja kuniambia kwamba kazi yangu ni kupaka chokaa.

BINTI: Nisingethubutu. Lakini umelisema mwenyewe.

MZEE: Basi tuanzie hapo hapo. Watu hudhani hai-kii ni kufungua lenzi mpaka picha iungue. Picha iliyoungua ni picha iliyoungua tu, haina jina jingine. Kamera ya kidijitali, faili la kawaida, huhesabu kila nukta kuanzia 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni weupe tupu. Kwenye 255 hakuna kitu. Hakuna unyoya, hakuna sharubu, hata ufanye uchawi gani kwenye kompyuta. Sasa, karatasi ya nyuma naipeleka 255 kwa makusudi. Paka mwenyewe, hata awe mweupe kama pamba, simruhusu apite 240 hivi. Nafasi hiyo ndogo kati ya 240 na 255 ndiyo kazi yangu yote. Mpaka chokaa hana habari nayo.

BINTI: Nafasi hiyo naijua, Mzee. Kinachonitatiza ni kilichokuwa pale nyuma kabla hujapafanya peupe. Wanyama wenu wote wanaonekana wamezaliwa wodini. Paka wa kwetu ana baraza, ana ngazi za matumbawe, ana muuza samaki anayemjua kwa sauti. Mmoja analala juu ya mashua iliyopinduliwa, mwingine ana mlango wake ambao hakuna mwenzake anayethubutu kuusogelea. Ukimweka kwenye karatasi yako, anabaki paka. Paka tu. Yeyote.

MZEE: Na Avedon? Kati ya 1979 na 1984 Richard Avedon alizunguka magharibi ya Marekani, akitumwa na jumba la makumbusho la Amon Carter la Fort Worth. Alipiga wachimba makaa, wachinjaji, wafungwa, watu wa barabarani. Wote aliwasimamisha mbele ya karatasi nyeupe iliyotundikwa nje, kivulini, bila flashi. Nani amewahi kuzitazama picha zile akasema watu wale hawana kwao?

BINTI: Hakuna, kwa sababu kwao walikuja nako mwilini. Mchimba makaa alisimama na masizi yake, mchinjaji na damu kwenye aproni. Karatasi nyeupe iliwaacha na ushahidi wao wote. Nyinyi mbwa akifika studio, kitu cha kwanza mnamwogesha kwa shampuu.

Hapa Mzee alicheka, na ninakiri kwamba sikumpatia jibu la kumsaidia. Weupe wa Avedon ulikuwa njia ya kumfanya mtazamaji akose pa kukimbilia: macho yako yakishamaliza uso, yanarudi kwenye uso. Weupe wa studio nyingi za wanyama unafanya kinyume chake, unampumzisha mtazamaji. Vifaa ni vilevile na nia ni tofauti, na tofauti hiyo inaanzia kwenye beseni la kuogeshea.

MZEE: Umenipata moja. Lakini usisahau sababu ya kazi. Mtindo huu haukuzaliwa kwa ajili ya urembo peke yake. Mwaka 1951, Karl Freund, yule mpiga picha mzoefu wa sinema kutoka Ujerumani, alipewa kazi ya kipindi cha vichekesho cha televisheni, *I Love Lucy*. Kamera tatu zilikuwa zinarekodi kwa wakati mmoja mbele ya watazamaji. Huwezi kumwangazia mwigizaji vizuri kwa kamera ya kushoto bila kumharibia ya kulia. Freund akamwaga mwanga sawasawa jukwaa zima, mwingi ukitokea juu, ili mwigizaji asimame popote, ageuke popote, na picha iwe salama. Sasa niambie, nani asiyetulia kuliko mtoto wa mbwa? Mwanga wa pembeni, ule wa kuchonga uso nusu mwanga nusu giza, unamtaka mtu atulie pale ulipomweka. Mbwa akisogea hatua mbili, uso umezama. Kwenye hai-kii aende atakako.

Hoja hii ni nzito kuliko inavyosikika, na wanaoupinga mtindo huu mara nyingi huiruka. Mwanga mpana na laini unampa mnyama uhuru ndani ya fremu. Mpiga picha anaacha kupambana na vivuli, anabaki na kazi moja: kusubiri sikio linyanyuke. Nimeona picha nyingi za "mwanga wa asili" ambamo mbwa ameshikwa ukosi na mkono uliofichwa, ili tu asitoke kwenye kile kijisehemu cha jua. Uasilia gani huo?

BINTI: Lakini mwanga wa namna hiyo mimi ninao bure. Njoo Lamu saa tatu asubuhi. Vichochoro ni vyembamba, jua halifiki chini. Linapiga sehemu ya juu ya ukuta uliopakwa chokaa, linaruka ukuta wa pili, linarudi, likifika chini limelainika kabisa. Paka mweupe akipita hapo, anang'aa bila kivuli cha maana. Nikitaka zaidi, namwomba mtu mwenye kanzu nyeupe asimame nyuma yangu. Kanzu inarudisha mwanga hadi kwenye mboni za paka.

MZEE: Na kamera yako inakupa nini hapo? Ukiiachia ijiamulie?

BINTI: Kijivu. Paka wa kijivu kwenye ukuta wa kijivu.

MZEE: Haya, waeleze kwa nini.

BINTI: Kwa sababu mita ya kamera haijui paka. Imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Chokaa safi au karatasi nyeupe inarudisha karibu asilimia 90, mara tano zaidi. Mita inaona mwanga mwingi, inadhani umezidi, inaupunguza. Kwa hiyo naongeza mwenyewe stopu moja na nusu, wakati mwingine mbili, na kila stopu ni mwanga maradufu. Naangalia histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye kamera: mlima usogee kulia bila kugonga ukuta.

Msomaji atagundua kwamba wawili hawa, baada ya kutupiana maneno, wanatumia hesabu moja. Ansel Adams na Fred Archer waliipanga hesabu hiyo huko Los Angeles, mwaka 1940 hivi. Waligawa ngazi yote ya mwanga katika kanda, kuanzia 0 hadi 10, kila moja ikiwa stopu moja juu ya iliyotangulia. Kijivu cha katikati kipo kwenye kanda ya 5. Weupe ambao bado unaonyesha nyuzi na mikunjo uko kwenye ya 7, ukififia kwenye ya 8. Ukifika ya 9 na ya 10, umebaki na karatasi. Picha ya paka mweupe kwenye weupe ni ubishi kuhusu kanda hizo mbili tatu za juu: manyoya yasivuke ya 8, nyuma pasishuke chini ya ya 9. Ndiyo maana mafundi wa studio huweka flashi za nyuma ziwe na nguvu ya stopu moja hadi moja na nusu zaidi ya ile inayomwangazia mnyama. Wakizidisha, karatasi inageuka taa. Mwanga unarudi kwenye lenzi, unamwaga ukungu kwenye picha nzima, na ncha za manyoya zinaliwa pembeni. Dawa yake ni kumsogeza mnyama mbali na karatasi, mita mbili hivi, ikiwa chumba kinaruhusu. Vyumba vyetu vingi haviruhusu, na ukungu huo unaonekana kwenye kurasa nyingi za biashara mtandaoni.

Kipo kitu kingine ambacho fundi mzuri hukijua hata asipokisema. Picha nyeupe inasimama juu ya weusi wake mdogo. Tazama picha yoyote ya hai-kii iliyofanikiwa, kisha ziba kwa vidole pua na mboni mbili. Kinachobaki ni ukungu. Vile vitone vitatu vya weusi halisi ndivyo vinavyoliambia jicho kwamba weupe uliobaki ni chaguo, si kosa. Wanaoanza huogopa weusi. Wakishapata picha yao angavu wanaendelea kunyanyua vivuli kwenye programu hadi pua ya mbwa inageuka majivu, na hapo picha inakufa, tena bila wao kujua imekufa kwa ugonjwa gani.

Daktari alikuwa amesubiri zamu yake kwa adabu.

DAKTARI: Mzee wangu, dada yangu, mimi sijui mambo ya kanda. Najua mbavu. Mbavu za mbwa huonekana kwa sababu ya kivuli. Kila ubavu unatupa kivuli chembamba kwenye bonde lililo kando yake, ndipo jicho linasema: huyu amekonda. Sisi hupima unene wa mbwa kwa alama 1 hadi 9, na nne au tano ndizo nzuri. Mbwa wa alama mbili akiingia kwenye mwanga wenu uliomwagwa kila upande, mabonde yanajaa, mbavu zinazama. Kwenye picha anakuwa mbwa wa alama nne. Siku hizi watu hunitumia picha kwa simu wakiuliza kama mnyama ana afya. Naiona picha nzuri, nyeupe, nasema yuko sawa. Akija kliniki naona mifupa ya nyonga.

MZEE: Daktari, mimi sipigi eksirei.

DAKTARI: Sijasema upige. Lakini fikiria picha za wanyama wanaotafutiwa makazi. Nairobi tuna KSPCA, chama cha ulinzi wa wanyama kilichoanza 1910. Kazi ya kuwatafutia wanyama nyumba ipo kila mahali penye vituo vya namna hiyo. Mtu anaona picha, anapenda, anakuja. Akikuta mnyama tofauti na aliyemwona, anayerudi kizimbani ni mbwa, wewe huonekani.

MZEE: Na nikimpiga kama alivyo, nyuma ya nyavu, sakafu ya saruji, macho yamenywea, nani atakuja kabisa? Ukimtoa nyuma ya nyavu ukampa dakika kumi kwenye mahali peupe, kwa mara ya kwanza anaonekana kama mnyama wa mtu. Yule mtazamaji hasemi tena "maskini". Anasema "huyu".

Sikutegemea kwamba nitaegemea upande wa Mzee hapa, lakini naegemea. Nyavu na saruji si makazi ya mbwa huyo, ni mahali alipokwama. Kumfutia mandhari yale si sawa na kumfutia paka wa Lamu baraza lake. Binti anapozungumzia mahali anamaanisha mahali pa kupendwa, na wanyama wengi wanaohitaji picha zaidi hawana mahali pa namna hiyo. Lakini hoja ya mbavu haiondolewi na huruma, na Mzee aliijibu nusu tu.

DAKTARI: La pili ni macho. Paka mkiwasha taa za kudumu, zile za LED zenye nguvu, mboni zake hujibana zikawa mstari. Mnalalamika kwamba anaonekana mkali. Sivyo, anajikinga na mwanga wenu.

MZEE: Ndiyo maana natumia flashi, na taa ya kuelekezea naiweka hafifu. Chumba kinabaki na kagiza, mboni zinafunguka, flashi inapita chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jicho halijawahi kujibana, picha imeshakamatwa. Naiweka pembeni ya lenzi, maana ukiipiga flashi kutokea palepale kwenye kamera, ule utando unaoakisi mwanga nyuma ya jicho unakurudishia macho ya kijani.

BINTI: Kwa hiyo uso ule wa picha angavu, macho mviringo meusi, ni uso wa paka aliye gizani. Mchana mmemwongezea nyinyi.

MZEE: Sema utakavyo. Wateja wanaupenda.

DAKTARI: Wanaupenda, lakini na mnyama tumwangalie. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana kando, amechoka na nyinyi. Zimeni. Na ule mlio wa flashi inapomaliza kujichaji, uondoeni kabisa, hauna faida. Jambo jingine, Mzee: paka mweupe mwenye macho ya buluu mkimwita hageuki, msimpigie makofi karibu na uso. Wengi wa namna hiyo ni viziwi wa kuzaliwa. Dada, na wewe usimkalishe juani kwa ajili ya chokaa yako. Ncha za masikio meupe na pua ya waridi hupata saratani ya ngozi kwa jua.

Ilibidi tufike kwa mbwa mweusi. Hapo ndipo mtindo huu unapojaribiwa, na hapo ndipo nilipotaka tukae.

BINTI: Mzee, nimekuletea swali. Mnyama mweupe kwenye weupe, nimekubali, ni ufundi. Wa rangi ya mchanga, kama mbwa wengi wa kwetu, anapendeza. Mbwa mweusi je? Nikiangalia kurasa za studio, naona shimo lenye umbo la mbwa. Macho hayaonekani. Pua imepotea. Umesema mwanga umemwagwa sawa kwa wote, lakini haukumfikia yeye.

MZEE: Umemfikia, ila haurudi. Manyoya meusi yanarudisha asilimia chache tu. Na ile karatasi ya nyuma inayong'aa inaingiza ukungu kwenye lenzi, kwa hiyo hata weusi wake unakuwa wa kijivu kilichopauka. Anapoteza mara mbili: hana maelezo, na hana weusi.

BINTI: Na mkiongeza mwanga?

MZEE: Ukiongeza tu, unaongeza ukungu. Mnyama mweusi humchori kwa mwanga unaomwangukia. Unamchora kwa mng'ao, kwa kile kinachoakisiwa juu ya manyoya. Unaweka softboksi mbili ndefu, yale masanduku ya kulainisha mwanga, pembeni, moja kila upande, karibu naye, zikirudi nyuma kidogo. Ngozi yake inaziakisi, unapata mistari ya fedha mgongoni, begani, kwenye taya. Mbele unaweka mwanga mmoja laini, juu kidogo, kwa ajili ya kitone machoni. Nyuma unapunguza mpaka pawe peupe kidogo tu, si taa. Kazi ya nusu siku. Wengi hawaifanyi, wanabonyeza wanavyobonyeza kwa mbwa wa dhahabu.

Jibu la Mzee ni sahihi kwa kila neno, na linathibitisha shaka ya Binti. Mpango uliopangwa kwa mnyama wa rangi ya dhahabu unaitwa mpango wa kawaida. Mweusi ni kazi ya ziada. Historia ya vifaa vyetu imejaa habari za namna hiyo. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, amechambua jinsi filamu za rangi za Kodak zilivyosawazishwa kwa muda mrefu kwa kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mweupe, na jinsi watu weusi walivyotoka kwenye picha wakiwa macho na meno. Roth anaeleza kwamba shinikizo kubwa la kurekebisha lilitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka kahawia za bidhaa zao zitofautiane. Filamu ilipoboreshwa, ikasifiwa kwamba sasa inaweza kuonyesha farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi! Binadamu walisubiri nyuma ya kabati la mbao, kisha wakatajwa kwa jina la mnyama. Simlinganishi mbwa na mtu aliyedhulumiwa. Ninachosema ni kwamba neno "mwanga wa kawaida" likitamkwa studioni, inafaa kuuliza ni kawaida ya nani, hata anayepigwa akiwa na mkia.

DAKTARI: Kwenye vituo wanasema weusi hukaa muda mrefu zaidi kabla hawajachukuliwa. Utafiti wake hausemi kitu kimoja, wapo waliokuta tofauti na wapo ambao hawakuikuta. Lakini picha mbaya hakuna aliyesema inasaidia.

BINTI: Yupo Mmarekani, Fred Levy wa Massachusetts, aliyegeuza kabisa. Mbwa weusi mbele ya pazia jeusi. Kitabu chake kilitoka 2015. Unaona ukingo wa sikio, mng'ao wa pua, jicho. Hakuna weupe, na mbwa hajapotea hata kidogo.

MZEE: Naam, na huo ni mpango wangu uleule ukiwa umepinduliwa. Mweupe kwenye weupe anashikiliwa na weusi wa pua. Mweusi kwenye weusi anashikiliwa na kitone cheupe machoni. Sijashindwa hapo.

BINTI: Hujashindwa, lakini umekubali kwamba karatasi nyeupe si ya kila mnyama.

MZEE: Hilo sijawahi kulikana. Mteja ndiye anayelikana. Anakuja na simu, ananionyesha picha ya paka wa mtu mwingine, ananiambia, nataka hivi.

William Wegman, ikiwa mnataka mfano wa mtu aliyeikwepa fitina yote, aliwapiga kwa miaka mingi mbwa wa aina ya Weimaraner, kuanzia yule aliyempa jina la msanii Man Ray. Manyoya yao ni ya kijivu, karibu kabisa na kile kijivu ambacho mita inakitafuta. Alianza mwaka 1979 kutumia kamera kubwa ya Polaroid, ya inchi 20 kwa 24, mahali ambapo kila kosa ni ghali. Sijui kama aliwahi kufikiria bahati yake kwa namna hiyo. Mimi nimeifikiria.

Kuhusu simu hatukukaa sana. Kuna programu zinazomkata mnyama kwenye picha yoyote na kumbandika kwenye weupe kwa kubonyeza mara moja, na vijana wanauliza flashi nne za nini. Mzee alijibu kwa kuonyesha nyayo. Picha iliyokatwa haina kile kivuli hafifu chini ya miguu, kwa hiyo mbwa anaelea. Tena programu haielewi sharubu, inazikata au inaziacha na kipande cha sofa. Binti, kwa mara moja, alikuwa upande wake bila masharti. Nikaongeza langu la uhariri: kwenye ukurasa uliochapishwa, weupe wa 255 ni mahali ambapo wino haukutua, kwa hiyo ukingo wa picha haupo. Sikio la paka mweupe lililogusa ukingo linakuwa sehemu ya gazeti. Tuwekeeni mstari mwembamba wa kuizunguka, au mtuachie nafasi.

Tukarudi kwa Daktari, ambaye hakuwa ameridhika.

DAKTARI: Nina ombi la kazi, wala halihusu sanaa. Mbwa anayetafutiwa nyumba apigwe na Mzee, uso, kwenye weupe wake, sina ugomvi. Lakini iwepo na ya pili, mwili mzima, amesimama, mwanga wa upande mmoja, ardhi halisi. Saa kumi na moja jioni inatosha, jua lenyewe litafanya.

MZEE: Ya pili hakuna atakayeitazama.

BINTI: Ataitazama yule atakayeishi naye.

MZEE: Na nani atailipia? Mimi karatasi ya mita 2.72 mbwa mmoja akiikanyaga kwa kucha na kuikojolea, nakata mita mbili natupa.

BINTI: Ya pili nitaipiga mimi, bure, uani kwako. Wewe nipigie kwanza mbwa mmoja mweusi aliyekataliwa kituoni. Tuone kama softboksi zako ndefu zinasema kweli.

MZEE: Mlete Jumamosi. Lakini msimwogeshe.

DAKTARI: Kucha zake ni ndefu, Mzee.

MZEE: Chini nitaweka fomika.